Mama Bénit wa Niemba

Mouna Shaabani alikataliwa mara tatu. Orodha moja ya tovuti za nchi yetu, inayotungwa mbali sana na Kalemie, ilimjibu kwamba tovuti yake haina wasomaji, kwa hiyo haistahili kuorodheshwa. Nauliza: nani angeisoma kabla haijaonekana popote? Wamefunga mlango, kisha wanamlaumu mwenye nyumba kwa kukosa wageni!

Ilikuwa mwaka 2017, vita vimeshachoma vijiji upande wa Niemba. Mouna, karani wa biro, yaani ofisi, ya kuchapa barua, alifungua tovuti ya majina ya waliokimbilia kambi za hapa mjini, kwa idhini yao, ili ndugu zao waliotawanyika wawapate.

Hakuwabembeleza wale wa orodha. Aliiendea injini ya utafutaji yenyewe, akagundua kosa lake: alikuwa amebandika picha za daftari la kambi, na injini haikuweza kusoma mwandiko ule. Akachapa majina yote mia nne, kila jina ukurasa wake wenye namba ya simu ya biro, akaipelekea injini anwani za kurasa hizo. Baada ya wiki mbili kurasa zikaanza kuonekana. Hata hivyo, hakuna ndugu aliyepiga simu.

Mama Marthe, aliyepotezana na mumewe Gaspard siku ya kukimbia, alikuja biro kila Jumatatu kuuliza habari. Siku moja aliinamia kioo cha kompyuta.

«Mama karani, huyu mwenye kuandikwa hapa njo nani?»

«Njo wewe, Mama. Marthe Kyungu.»

«Ee! Jina hilo alilijua padri aliyenibatiza, na alishakufa. Mimi niko Mama Bénit. Bwana yangu akiniita Marthe, ujue nimeunguza ugali!»

Mouna alicheka, kisha akaelewa kwa nini simu hazikulia. Juma lile lile alirudi kambini, akamwuliza kila mama jina la mtoto wake wa kwanza, akaliweka juu kabisa ya ukurasa pamoja na jina la kijiji.

Haukupita mwezi. Huko Kigoma, ng'ambo ya ziwa, Gaspard alimwomba mwenye kafe ya intaneti amtafutie «Mama Bénit, Niemba». Ukurasa wa Mouna ulitokea wa kwanza. Simu ikalia biro, Mama Marthe akaitwa mbio.

«Na weye,» alimwambia mumewe kabla ya salamu, «ulikuwa wapi siku zote hizi?»

Tarehe 6 Machi 2018, orodha ile ile iliiingiza tovuti ya Mouna bila yeye kuomba tena. Siku hiyo, familia thelathini na moja zilikuwa zimekwisha kupatana.