Mwamuzi Apimwa Usingizini

Ukitaka kumkera Darmuji, mwambie ana sikio kama la watu wengine. Sikio hilo ndilo lililompa jina. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa mwamuzi wa mashindano ya tetere katika wilaya nzima ya Klaten. Vizimba vinapandishwa juu ya milingoti, ndege wanaimba huko juu, na mwamuzi anazunguka chini kimya kimya, anasikiliza sauti ya mwanzo, ya kati na ya mwisho, kisha anachomeka bendera ya alama. Alama ikiwa kubwa, mwenye ndege anarukaruka. Ikiwa ndogo, ananuna wiki nzima. Mashindano yana duru nne, juani, na mwamuzi hasemi na mtu.

Basi mwezi wa Juni, Darmuji akalala uwanjani. Alilala amesimama wima, bendera mkononi, mdomo wazi, akakoroma mpaka tetere wa juu yake akanyamaza. Watu walicheka hadi wengine wakakaa chini. Haryadi, mwenyekiti wa waamuzi, hakucheka. Alimfuata, akamtoa bendera mkononi taratibu.

"Mzee Darmuji, heshima yako iko palepale. Lakini bendera nazikalia mimi mpaka uniletee barua ya daktari. Mashindano makubwa ya Agosti, bila barua hushiki kitu."

"Nilifumba macho nisikie vizuri."

"Ulikoroma, mzee wangu. Nimekusikia toka kule kwa muuza supu ya soto."

Darmuji alirudi nyumbani na pikipiki yake bila kuaga mtu. Mashindano ya Agosti ndiyo makubwa kuliko yote, na hakuwahi kuyakosa hata mwaka ule aliovunjika mguu. Mtu ana umri wa miaka hamsini na sita, hana shamba la kujivunia wala cheo serikalini, anachoheshimiwa nacho ni kile kibendera tu. Leo kimechukuliwa mbele ya kadamnasi. Aliacha nusu ya wali wake na tempe ya soya sahanini, na Tinem, mkewe, akajua hapa pana msiba.

Hospitalini wakamlaza usiku mmoja wamemfunga nyaya kama redio mbovu. Daktari Wulansih wa kliniki ya mapafu, mwanamke mdogo asiye na mchezo, akasema ni ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini. Koo linaziba, hewa haipiti, mwili unashtuka kuitafuta, halafu linaziba tena. Usiku kucha ni vita, na mwenyewe hana habari, anaona asubuhi tu kwamba amechoka kama aliyebeba mawe. Akaazimwa mashine ya kusukuma hewa, ina mpira mrefu na barakoa ya kuvaa puani. Alipewa siku thelathini. Wiki ya mwisho ikionyesha hali nzuri, anaandikiwa barua.

Daktari alieleza kila kitu: namna ya kuvaa, namna ya kuosha, na maana ya ile namba inayotokea kwenye kioo cha mashine kila asubuhi. Alieleza vizuri kabisa. Ubaya ni kwamba wakati anaeleza, Darmuji alikuwa amesinzia kitini, na Tinem alikuwa kwenye foleni ya dirishani akisubiri barakoa.

Asubuhi ya kwanza kioo kikaonyesha kumi na tisa. Darmuji akaitazama, akaitikia kwa kichwa. Kwa kuanzia si haba. Siku ya pili, ishirini na tatu.

"Mama Retno! Njoo uone! Nimepanda!" akamwita mkewe.

Sasa jamani, mtu aliyetoa alama maisha yake yote, akiona namba imepanda utamwambia nini? Akaamua kuipandisha zaidi. Alilala chali, amenyooka kama sanamu, ili mpira usipinde. Akakaza mikanda ya barakoa mpaka mashavu yakatokeza kama maandazi. Ikafika ishirini na saba, ikafika thelathini na moja. Kasdi, mwamuzi mwenzake na mtani wake wa siku zote, alipopita kumjulia hali, Darmuji akamwonyesha kile kioo kwa madaha.

"Thelathini na moja! Na wiki mbili bado."

"Hongera," Kasdi akasema. "Mbona sasa unasinzia ukiongea nami?"

Tinem naye alikuwa na lake. "Baba Retno, namba inapanda na wewe unazidi kukoroma. Mimi hesabu hiyo siielewi."

"Wewe utaelewa wapi mambo ya alama?"

Siku ya kumi na nne wakarudi kliniki. Darmuji alikaa mbele ya daktari amejishika masharubu yake, yale masharubu meupe anayoyachana kila asubuhi, akasubiri kusifiwa. Daktari Wulansih akafungua taarifa ya mashine kwenye kompyuta yake, uso ukabadilika.

"Mzee, umefanya nini? Thelathini na moja?"

"Nimejitahidi, daktari."

"Hiyo ni idadi ya mara pumzi yako inazibwa kwa saa moja. Kila dakika mbili unakabwa. Nataka chini ya tano!"

Hapo Tinem akaanza kucheka. Alijiziba mdomo kwa ushungi, haikusaidia kitu, mabega yakawa yanaruka. Darmuji alijisikia kama amevuliwa nguo. Kwa wiki mbili nzima amekuwa akijikaba kwa bidii na kujipongeza asubuhi! Aibu ikageuka hasira, hasira ikatafuta pa kwenda, ikakosa, ikabaki kuwa nia.

"Daktari," akasema, "nieleze upya. Leo nitasikiliza nimesimama."

Akasimama kweli. Daktari akamgeuzia kioo cha kompyuta. Mchoro wa juu ni pumzi, inapanda na kushuka. Pale mstari unapolala bapa, pumzi imekatika. Wa pili ni nguvu ya upepo wa mashine. Wa tatu ni hewa inayovuja kwenye barakoa, na ikivuja sana, mashine inasukuma bure. Darmuji aliinama mpaka pua ikakaribia kioo. Mistari ile aliielewa haraka kuliko maneno, maana pumzi yake ilikuwa na mwanzo, kati na mwisho, kama wimbo wa ndege, ila huyu ndege alikuwa mbovu, anaanza vizuri halafu anameza sauti ya mwisho.

"Huyu ningempa bendera ya chini kabisa," akasema.

"Basi mrekebishe. Wastani wa siku saba za mwisho uwe chini ya tano, la sivyo sitii saini."

Walipofika nyumbani tu akatoa kabatini kadi zake za uamuzi, zile zenye vyumba vya alama, akaziweka mbele ya mkewe.

"Mama Retno, mashine inaniambia nimekosea mara ngapi. Hainiambii nilikuwa nimelalaje. Nataka jaji. Mchana nikishaswali nitalala saa moja na barakoa. Wewe kaa hapo, uandike."

"Mimi? Si ulisema sielewi mambo ya alama?"

"Nilisema nikiwa nimekosa hewa."

Tinem alikuwa ameishi na sauti za tetere miaka thelathini, nyumbani na nyuma ya kamba za uwanja, ila hakuna aliyewahi kumpa kalamu. Siku hiyo aliichukua. Akagawa kadi sehemu tatu: chali, ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto. Akaketi kwenye mkeka na bilauri ya chai ya sukari, na kila pumzi ilipokatika akaweka kijistari. Darmuji alipofumbua macho, jambo la kwanza aliloliuliza ni amepata ngapi.

"Jaji hasemi na mwenye ndege," Tinem akamjibu, akaificha kadi nyuma. "Nitatoa matokeo baada ya siku tatu."

"Mama Retno!"

"Kwa kelele hizo ningekutoa uwanjani."

Siku tatu zikaisha, matokeo yakatoka, na jaji hakuwa na huruma. Chali, ishirini na nane. Kulia, tisa. Kushoto, nane. Tena mikanda ikikazwa sana, barakoa inajikunja na kupiga mluzi shavuni. Na ikilegezwa, bado kuna mluzi mdogo juu ya mdomo, pale penye masharubu.

"Masharubu hayahusiki," Darmuji akasema haraka.

"Nimeandika nilichosikia."

Darmuji aliisoma kadi mara mbili. Hakuna hata alama moja ya kubembeleza. Yeye mwenyewe angeandika vivyo hivyo.

Kwanza Tinem akashona kifuu cha nazi mgongoni mwa fulana kuukuu. Darmuji akitaka kugeuka chali, kifuu kinamchoma, anarudi ubavuni huku akilaani. Asubuhi kioo kikasema kumi na mbili. Akalegeza mikanda tundu mbili, ikawa tisa. Ikakaa hapo siku nne, haishuki, haipandi. Siku ya tano akaingia bafuni na wembe, akakaa huko muda mrefu. Alipotoka, Tinem alimtazama bila kucheka, akamgusa juu ya mdomo kwa kidole.

"Umekuwa kama siku ile ulipokuja kuniposa," akasema.

Kesho yake, sita nukta nane. Na si namba tu. Alianza kuamka kabla ya adhana bila kuvutwa mguu, na akamaliza kikombe cha kahawa akiwa bado anasimulia habari ileile aliyoianza.

Ikafika Alhamisi. Kliniki ni kesho, mashindano makubwa ni Jumapili. Kasdi alikuja, akacheka masharubu yaliyokwenda mpaka machozi yakamtoka, kisha wakapiga hesabu pamoja. Siku sita zilikuwa zimejumlika thelathini na mbili. Ili wastani uwe chini ya tano, usiku wa leo lazima apate pungufu ya tatu. Hajawahi kushuka chini ya nne nukta sita.

Kasdi akasogea. "Sikia, bwana. Leo mvishe shemeji barakoa. Huyu analala kama kichanga. Mashine itaandika moja, barua hiyo mkononi."

Darmuji alimtazama Tinem. Tinem akainua mabega. "Mimi nipo tayari kuvaa. Wewe tu."

Usiseme hakutamani. Alitamani sana. Nani angejua? Mashine haijui sura. Aliitazama ile barakoa, na Kasdi akaanza kutabasamu akidhani mambo yameiva.

"Nimefukuza watu wangapi uwanjani kwa kubadilisha ndege?" Darmuji akauliza mwishowe.

"Aa, ndege na pumzi ni vitu viwili."

"Wangapi, Kasdi?"

"Watano. Sita, pamoja na mjomba wangu."

"Basi nenda nyumbani ukalale, na mimi nilale na pua yangu."

Asubuhi kioo kikasema nne nukta nne. Haijawahi kuwa nzuri vile, na haikutosha. Daktari Wulansih alijumlisha, akagawa, akaweka kalamu chini. Wastani ulikuwa tano nukta mbili.

"Umefanya kazi kubwa, mzee. Lakini sitii saini. Rudi baada ya wiki mbili."

"Daktari, ni nukta mbili tu—"

Akajisikia mwenyewe anavyolialia. Mara ngapi amesimamishwa na watu wazima wakimwomba nusu alama, naye akawageuzia mgongo? Akasema asante, akainuka. Nje kwenye maegesho Tinem alilia, naye akamshikia mkoba mpaka amalize. Iliuma, tusidanganyane.

Jumapili walikwenda hata hivyo, wakakaa nyuma ya kamba pamoja na watazamaji. Duru ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Jua likawa kali, watu wakafunika vichwa kwa magazeti. Darmuji alikaa macho makavu, masikio wazi. Duru ya nne ilipoanza, ndege waliochoka walinyamaza, na wale wachache wenye pumzi wakaanza kuimba polepole, sauti ya mwisho wakiivuta mpaka inakonda na kuisha yenyewe. Darmuji akamshika Tinem mkono.

"Kumbe duru ya nne huwa hivi?"

"Siku zote huwa hivi."

"Hata mwaka jana?"

"Miaka yote, Baba Retno."

Alibaki amekaa mpaka bendera zilipong'olewa. Alikuwa anakumbuka, na kadiri alivyokumbuka ndivyo alivyokosa cha kukumbuka. Duru ya kwanza ya mwaka jana alikuwa nayo kichwani, ndege kwa ndege. Ya pili pia. Ya nne hakuwa nayo hata ndege mmoja, wala ya mwaka juzi, ila mkono wake uliendelea kuchomeka bendera.

Haryadi akaja, anatabasamu, mkono mbele. "Mzee wangu, nimekuona, hukusinzia hata kidogo. Wiki mbili ukileta barua, bendera zako hizi hapa. Watu wamekukumbuka."

"Nitaileta," Darmuji akasema. "Lakini kabla hujanirudishia, fungua kitabu chako cha waamuzi uandike. Ulidhani nimelala mara moja, ile siku waliyocheka. Sivyo. Duru zote za nne nilizohukumu mwaka jana na mwaka juzi, sikuzisikia. Niliwapa watu alama za kubahatisha."

Tabasamu la Haryadi likaisha. "Mzee, unajua unachosema? Nikiandika hivyo huenda wasikurudishe kabisa."

"Najua."

"Na hakuna aliyekuuliza."

"Andika, Haryadi," Darmuji akasema. "Niko macho sasa."