Shuu za Noah

Noah ya jirani yangu Osea haikuwa na handibreki. Ilikuwa na mke wake. Kwa miaka miwili, kila Osea aliposimama kwenye mteremko, na hapa kwetu Iyula mteremko uko kila mahali, yeye alibaki amekanyaga breki huku Ikupa akiruka chini na jiwe, akilisukumiza nyuma ya tairi na kupiga bodi mara mbili: salama. Hata ile P ya gia ilishakufa. Watu wakamwita Mama Handibreki. Osea alicheka sana. Ikupa hakucheka, nilimwona.

Gari hilo lilifika wiki aliyozaliwa mjukuu wao, wakampa mtoto jina la Noah. Nilisema siku ile ile kwamba hilo ni kosa, nikaambiwa nina wivu. Tangu hapo, ukisikia kwao Noah amegoma asubuhi, inabidi uulize ni yupi.

Ikafika sendofu ya binti yao Felista. Wiki moja kabla, Ikupa akasema, "Baba Felista, Jumamosi navaa kitenge kipya. Mbele ya wakwe sishuki na jiwe. Kama handibreki haijapona, mwanangu ataagwa bila mimi."

Osea aliogopa, na alikuwa na haki ya kuogopa. Akakimbilia Mlowo kwa fundi Gibson.

"Shuu za breki zimeisha, mzee, limebaki bati," Gibson alimwambia. "Mpya laki na ishirini, ufundi elfu sitini. Na diski zimeshikwa na kutu, kuzitoa tu ni nyundo nusu siku."

"Kwa hela hiyo navalisha ukoo mzima!"

Ndipo akamkumbuka dada yake Anastazia, aliyeolewa Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Osea alikuwa amesikia kule spea ni nafuu. Alimpigia nikiwa nimekaa naye, mtandao ukikatakata.

"Anastazia, ninunulie shuu za Noah. Za nyuma. Zishike vizuri, pale kanisani kuna mteremko."

"Bwino, sawa kaka! Mpya au mtumba?"

"Mpya! Sendofu ni Jumamosi!"

Mzigo ulifika Ijumaa jioni. Gibson alikuwa uani kwa Osea tangu asubuhi, diski ziko chini, vidole vimechubuka. Osea akafungua mfuko. Ndani mlikuwa na viatu vyeusi vya mtoto, vyenye mkanda wa kufunga nyuma na soli yenye meno ya kupandia mlima. Kwa dada yake kule, shuu ni viatu.

Simu ikaita. "Vimemtosha?" Anastazia aliuliza.

Vilimtosha. Mtoto alivivaa, akakataa kuvivua hata kulala. Gibson akarudisha diski na magurudumu, akadai ufundi wake wote.

Jumamosi Ikupa alisimama mlangoni na kitenge chake, amenuna.

"Panda tu," Osea akamwambia. "Hutashika jiwe."

Nilikuwa kiti cha nyuma na Noah mwenye viatu. Tulifika kanisani, wakwe wamejipanga mlimani. Osea akasema, "Mama Felista, leta mguu wako huku. Kanyaga hapa, usiachie." Akashuka na suti yake, akapiga magoti kwenye tope, akaweka jiwe mbele ya tairi.

"Nyuma, Baba Felista!" Ikupa alipiga kelele. "Nyuma!"

Wakwe walicheka mpaka wakashikana. Osea akalizungusha jiwe, akalisukuma mara tatu, akapiga bodi mara mbili. Alirudi dirishani anahema, magoti yote tope.

"Kumbe ni zito hivi?"

"Miaka miwili," Ikupa akasema, mguu bado uko kwenye breki.

Jumatatu Osea aliuza magunia matatu ya mahindi, akamwita Gibson tena. Safari hii hakuomba apunguziwe hata shilingi.