Ng'ombe Wangu Alipoitwa Mbwa

Nakumbuka vizuri, mwanangu, asubuhi ile ng'ombe wangu alipoitwa mbwa. Usicheke kwamba nina miaka kumi na saba na ninakuita mwanangu. Wewe uko darasa la nne la ualimu, mimi la sita. Nimekula vumbi la chaki kuliko wewe.

Nilikuwa kwenye staji, mazoezi ya kufundisha chekechea kule Mbunya. Madamu Furaha, mwenye darasa, alikaa nyuma na daftari la alama. Bila alama zake, ningerudia mwaka. Fishi yangu, karatasi ya mpango wa somo, ilisema: ng'ombe, dakika tano. Nikachora ubaoni.

"Madamu, ile ni mbwa," akasema Baraka, mtoto wa wafugaji.

"Ni ng'ombe. Angalia pembe!"

"Basi ni mbwa iko na pembe. Nundu iko wapi?"

Darasa zima likabweka.

Mwanangu, mimi huwaigiza walimu wote, hata prefe, mkuu wa shule yetu, na kitambi chake. Lakini mkuki kwa nguruwe mtamu. Kwangu masikio yalichemka. "Baraka, kwenye kona!" Akaenda, akaugeukia ukuta. Kubweka kukaisha, na somo nalo likafa. Niliuliza ng'ombe anakula nini. Wote wakageuka kumwangalia Baraka.

Madamu Furaha akanisogelea, akaninong'oneza: "Dada, weye unafundisha fishi ao batoto? Kukasirika haina mubaya. Pumua kwanza, kisha umupatie ile mutoto chaki. Yeye njo iko na ng'ombe kwao."

Kumeza aibu si kumeza uji. Nilipumua mara tatu, nikapiga magoti pale konani. "Muzee Baraka, unisamehe. Unifundishe kuchora."

Akachora nundu kama mlima, na kiwele kinachogusa chini. Wenzake wakataka kumkamua ng'ombe yule! Tukahesabu chuchu, tukaimba, tukalia mooo mpaka darasa la jirani likatuma mtu kuuliza kuna nini. Nusu ya fishi haikuguswa. Nikajua nimeanguka.

Madamu Furaha akanionyesha daftari: kumi na sita juu ya ishirini. "Alama ine nimekata juu ya kuchora yako."

Basi shika hili, mwanangu. Andaa somo lako vizuri, kisha uwe tayari kuliacha njiani. Hasira ikipanda, usiipe zamu ya kusema kwanza. Hasira hasara, na hasara yake huangukia walio wadogo. Ukikosea, omba msamaha hata kwa mwenye miaka minne.

Mungu akupe darasa lenye makelele, moyo mpana wa kulipenda, na kicheko kisichokauka mpaka uzeeni.