Koti la Bomba la Maternite

Mwashi alinicheka mbele ya watu wote, na mimi sikusahau. Nilikuwa fundi wa umeme, mwanamke peke yangu pale tulipokuwa tunajenga maternite, hospitali ya kuzalia ya mtaa wetu, Bunia. Kazi yangu ilikuwa kupitisha nyaya ndani ya bomba la chuma, kutoka kwenye nyumba ya grupu, ile mashine ya mazuti inayotoa umeme, chini ya ua, hadi ndani ya beton, yaani zege, ya sali ya operasio. Bila nyaya hakuna taa, na bila taa daktari hapasui. Vita vilikuwa vimefunga njia ya kwenda hospitali nyingine, kwa hiyo mama aliyeshindwa kuzaa angetufia hapo hapo.

Muzee yule mwashi alitaka kujaza mtaro vipande vya makala, yaani makaa, na majivu ya jikoni, eti kufukuza mchwa. Bomba la chumba cha kufulia alikuwa ameshalizika hivyo. Nikamwambia mchwa hawali chuma, ila makala yakilowa yanakila. Akajibu kwamba alianza kujenga mimi bado nabebwa mgongoni. Tuligombana mpaka fufu yetu ya mchana ikapoa, maana nikishakasirika sijui kunyamaza.

Mwishowe niliingia mtaroni mwenyewe, nikatoa makala yote, nikaweka udongo mwekundu safi. Halafu nikashughulikia shingo, pale bomba linapotoka kwenye beton na kuingia udongoni, kwa sababu kutu huanzia hapo. Nikapaka gudron, lami ya moto, nikaviringisha vipande vya mpira wa ndani wa tairi, kuanzia kiganja kizima ndani, kabla beton haijamwagwa, nikapaka tena. Mwashi akauliza kama bomba linasikia baridi, mpaka nalivalisha koti. Watu wakaangua kicheko. Nilitamani kulia kwa hasira.

Kisha vita vikaingia mtaani kwetu, siye wote tukakimbia. Tuliporudi, misimu kadhaa ya mvua ilikuwa imepita na ua umekuwa pori. Grupu mpya ilikuwa imeletwa juzi tu, haijaunganishwa, asubuhi mkunga aliponiita mbio: kuna mama ameshikwa na uchungu tangu jana, mtoto amekaa vibaya, daktari ananawa mikono.

Nilimkuta mwashi uani na jembe. Mama huyo alikuwa binti yake. Alikuwa amefukua kwanza bomba lake la chumba cha kufulia, nalo lilikuwa limevunjika mkononi kama biskuti, nyaya zimeoza. Akaniangalia, akasema:

“Na lako litakuwa limekwisha, Mama.”

Niliogopa nami, nisiseme uongo. Nilichimba mpaka shingoni, nikapasua mpira kwa kisu. Chuma kilikuwa kikavu, kinang'aa kama siku nilipokinunua. Nikapiga vigelegele peke yangu mtaroni, magoti yamejaa matope, nikakimbia kuunga nyaya kwenye grupu. Ikanguruma. Dirisha la sali likawa jeupe kwa taa.

Tulikaa kwenye ukingo wa mtaro, yeye na mimi. Tulipomsikia mtoto analia, na mkunga akatoka kusema mama yake mzima, muzee alijifuta macho kwa mkono wa shati, akaokota kile kipande cha mpira.

“Mama fundi, lirudishie koti lake. Miye nitakushikia.”

Nikamwachia ashike, lakini kwanza nilimcheka mpaka nikashiba.