Chuma Baridi: bendi ya kaka yangu iliyokataa kunyamaza Msambweni

Wakuu, habari za saa hizi. Wakubwa shikamooni, wa rika langu mambo.

Haya niliyaona kwa macho yangu mawili. Kaka yangu akija humu kukanusha, mwulizeni koti lake liko wapi.

Mimi ni binti wa kidato cha tatu, nyumbani ni Ukunda, na sasa tumefunga shule. Kaka yangu anaitwa Sule, anaimba na kupiga gitaa la besi. Mwenzake ni Njoroge, mpiga kinanda, ambaye wazazi wake walitoka bara wakapata shamba kule kwenye skimu ya makazi. Hao wawili ndio bendi nzima. Ukiwauliza mbona wachache, watakwambia ndiyo style yao. Style gani, wenzao waliwakimbia.

Nianze na sound yao ya kwanza.

Walikuwa wakipiga kwenye hoteli moja ya Galu. Mashati ya maua, meno nje, wimbo wa kuwakaribisha wageni. Waliwakaribisha wageni walewale kila jioni, mpaka wageni wakawa wanahamisha viti.

Kisha zikaja vurugu huku pwani, wageni wakapungua, hoteli ikawaambia vijana wapumzike kidogo. Hicho kidogo hakijaisha mpaka leo.

Lakini kabla ya kuondoka, Mjerumani mmoja mrefu alimwachia Njoroge kinanda chake na mfuko wa kanda. Wakuu, kanda zile nilizitazama. Kwenye picha za makasha yake watu wote wamenuna kama waliouziwa samaki aliyelala.

Kaka akazisikiliza wiki nzima. Alipotoka chumbani, alikuwa ameacha kutabasamu.

Hapo ndipo ikazaliwa sound ya pili, na jina jipya: Chuma Baridi. Ukunda hii, ambako ukiacha sufuria juani unaweza kupikia.

Akanunua koti jeusi la mtumba, refu mpaka magotini. Akaanza kuimba kwa sauti ya mtu anayesoma bei ya saruji. Njoroge anabonyeza kitufe kimoja cha kinanda, anakaa nacho kama amesahau kilichompeleka. Kaka naye kwenye besi ana noti mbili, na ya pili huitumia siku akijisikia vizuri. Mdundo ulitoka kwenye mashine iliyo ndani ya kinanda: du-ka, du-ka, du-ka. Haupandi, haushuki, haupumui.

Na mashairi yenyewe sasa. Theluji. Moshi wa viwanda. Kiwanda alichowahi kukiona kaka yangu ni kile cha sukari, nacho kimefungwa tangu yuko shule ya msingi.

Baba alivumilia, mwisho akamwita barazani. Mjomba wetu ni msimamizi wa dobi kwenye hoteli ya Diani, na palikuwa na nafasi.

"Suleiman, nakupa mpaka shule zifunguliwe," baba akasema. "Mtu asiye wa ukoo wetu akiwaita kupiga, hata mmoja, nitanyamaza. Asipowaita, utakwenda kufua mashuka na mjomba wako."

"Baba, muziki wetu watu hawajauzoea tu."

"Na mashuka utayazoea."

Nilicheka, lakini usiku ule kaka hakula. Nikajua limemwingia.

Bahati yake, binti wa mama mdogo alikuwa anaolewa Msambweni. Mama mdogo akawaita wapige. Hiyo haikuhesabika, ni ukoo. Lakini kungekuwa na majirani, na kaka alimtaka jirani mmoja tu wa kuwaita.

Hapa niwaeleze jambo la kiufundi. Njoroge aliwahi kukimwagia kinanda soda upande wa kushoto. Kitufe cha kuzimia kinanda kikaganda, cha mdundo kikaganda, cha sauti nacho kikaganda, sauti ikiwa juu kabisa. Tangu siku hiyo, wimbo ukiisha, walichomoa waya ukutani. Huo ndio mwisho wa kila wimbo wa Chuma Baridi. Watu wa Ukunda walidhani ni usanii.

Sasa stima ya Msambweni mnaijua, umeme wa kuja na kuondoka. Kaka akaogopa ikipotea katikati ya wimbo ataaibika mbele ya majirani. Akatia mawe mapya ya betri ndani ya kinanda. Kifuniko kilikuwa kimelegea, akakikaza kwa skrubu.

"Leo hatuzimwi na mtu," akasema. Namnukuu.

Siku ya siku, nilikuwa nimekaa na wanawake chini ya turubai. Upande mmoja Bi Mwanasha, jirani wa mama mdogo, na wenzake wa vugo, ngoma ya harusi ya kina mama, kila mmoja na pembe yake ya kupiga. Upande wa pili kaka na koti lake, jasho likimchuruzika mpaka kidevuni. Walipiga wimbo wa theluji. Mama mmoja akamwuliza mwenzake kama kijana ana homa.

Alasiri ikaingia. Adhana ikaanza kutoka msikitini, jirani kabisa.

Mnajua kinachofuata. Pembe zikawekwa chini, mitandio ikavutwa, watoto wakanyamazishwa. Kaka naye ni mtoto wa madrasa, akaacha kuimba palepale, akachomoa waya.

Du-ka, du-ka, du-ka.

Akautazama waya mkononi mwake. Akakitazama kinanda.

"Buda, hii kitu haistop," Njoroge akanong'ona.

"Toa mawe."

"Si uliweka skrubu."

"Bisibisi iko wapi?"

"Ukunda."

Njoroge akakilalia kinanda kwa kifua. Mdundo ukatokea kwapani. Wanawake wote kimya, macho chini, mabega yanatetemeka. Mimi nilikuwa nimeuma mtandio.

Kaka akavua koti, akakifunika kinanda, akakifunga kwa mikono ya koti kama anayefunga mtoto, akakibeba na kukimbia. Akapita jikoni, akapita banda la mbuzi, akashuka kwenye minazi. Du-ka, du-ka ikawa inakwenda ikififia pamoja naye.

Adhana ikaisha. Kisha Bi Mwanasha akachukua pembe yake na kupiga: du-ka, du-ka, du-ka, akichezesha mabega kama mtu anayekimbia. Wakuu, turubai liliangua kicheko ambacho nadhani mlikisikia huko mliko.

Kaka alirudi watu wamekwisha kuswali, kinanda kimya, skrubu amezing'oa kwa ufunguo. Akaenda moja kwa moja kuwaomba radhi kina mama. Uso wake ulikuwa wa mtu anayenusa sabuni ya mashuka.

Bi Mwanasha akamtazama sana.

"Mashine yako haina adabu, mwanangu. Lakini miguu yako inayo." Kisha akasema, "Mjukuu wangu anaolewa mwezi ujao. Njooni. Ila ule mdundo nitaupiga mimi."

Baba alipopewa habari aliuliza jambo moja tu: Bi Mwanasha ni ukoo wetu? Mama akasema si ukoo. Baba akarudi kwenye redio yake.

Basi sound ya tatu ndiyo hii. Fundi amekizibua kile kitufe, mashine ya mdundo imezimwa. Bi Mwanasha anakaa mbele na pembe, akitaka wimbo uishe, unaisha. Siku ya kwanza ya mazoezi alimwuliza kaka, "Hiyo theluji umeiona wapi?"

"Kwenye kanda, bibi."

"Imba ulichokiona."

Sasa anaimba kuhusu kijana anayekimbia na kitu kisichonyamaza. Sauti bado ni ya saruji. Lakini juu ya zile pembe, na kile kitufe kimoja cha Njoroge kikilia nyuma, kinamama wanasimama wenyewe. Mimi nilisimama pia. Mguu ulikuwa umekufa ganzi.

Funzo nililopata: ukiunda bendi, anza na namna ya kuizima.

Haya, mwenye kaka mwenye bendi mbaya kuliko hii aje aseme, nataka kujua kama niko peke yangu.

Na lile koti, kwa mtakaosahau kumwuliza, ni kifuniko cha kinanda. Mikono yake bado tunaifunga fundo.