Kengele ya Baiskeli

Fundi ananizibia pancha, na harufu ya solusheni inanirudisha kwenye keria ya baiskeli ya baba. Tulitoka kijijini kwetu, upande wa Kilosa, kwenda Mikumi kwenye tamasha la muziki. Dada yangu alikuwa anaimba na kwaya yake mchana ule.

Kila tulipokutana na mzee, baba alishuka, akaamkia, akaulizwa habari za nyumbani mpaka za mifugo. Machozi yalinilengalenga.

"Baba, tutachelewa! Usishuke tena!"

Mbele yetu alisimama baba mkubwa wa baba, aliyemlea tangu akiwa mdogo, ameegemea jembe kando ya njia. Alikuwa ameshaanza kutabasamu. Baba alipiga kengele tu, tukapita.

Tuliwahi. Dada aliimba, nami nikapiga makofi mpaka viganja vikawaka. Baba hakupiga, alikuwa akitazama njia tuliyojia.

Wiki ile ile tuliitwa msibani. Baba alishuka mbali kabisa na nyumba ya yule mzee, akaikokota baiskeli mpaka uani, akaenda mbele ya jeneza.

"Shikamoo, baba," alisema, akabaki ameinama, kama mtu anayesubiri kuitikiwa.