Saa Kwanza, Jina Nyuma

Juzi nilimupelekea jirani yangu bugali kwenye kashoo, chumba cha wafungwa cha polisi, hapa Bukavu. Nikiwa nangoja kwenye meza ya karani, maman mumoja, polisi akaleta papa mumoja wa makamo, akamuvua mukaba na viatu, akaviweka mezani. Papa akabaki anashikilia suruali kwa mikono miwili.

"Maman, huyu usimuandike kwanza," polisi akamuambia karani. "Tutamuandika kesho."

Maman hakuinua kichwa. Alisukuma mukaba na viatu kuelekea yule papa.

"Vaa, papa, urudi kwenu."

"Maman! Iko mufungwa wangu!"

"Wapi? Mu kitabu yangu haiko."

Polisi akakohoa, akatazama dari. "Bon. Andika."

Maman akaandika saa kwanza, ile papa aliyoletwa, jina nyuma yake. Sheria inaruhusu polisi kumushika mutu saa arobaini na nane tu, na saa isiyoandikwa hakuna anayeihesabu. Papa akashusha pumzi kama mutu aliyefunguliwa.

Kila asubuhi naomba Mungu jina langu lisifike mu kitabu kile. Sasa naongeza: likifika, nimukute yule maman, na biki yake ikiwa na wino.